Wiki ya Ishirini na Tisa ya Mtaro wa Kyimo

Mume wangu hakula mabomba. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni Msasani, hapa Tukuyu wilayani Rungwe, hadi leo, na wengi wa wanaolisema walikula chakula cha msiba wake. Wengine, wanaojiona wajanja zaidi, wanasema alikula kilomita moja na nusu ya mtaro. Mtaro ni shimo. Sijawahi kusikia mtu aliyeiba shimo akaenda nalo nyumbani. Wapo wanaosema mabati ya nyumba yetu yalitoka kwa wafadhili wa mradi wa maji. Mabati hayo yaliwekwa mwaka 1985, miaka minane kabla mradi haujafika, kwa mshahara wangu wa ualimu, na fundi aliyeyaweka yu hai pale Kiwira, aulizwe. Na wapo wanaosema Hezron alikufa kwa aibu baada ya kugundulika. Hezron alikufa kwa homa ya mapafu, Jumatatu tarehe 2 Mei 1994, wiki nne kabla mtu yeyote hajagundua chochote.

Aliyeongopa alikuwa mtu mwingine. Anaitwa Alfred Mwaisaka, na nitamtaja kila mahali anapostahili kutajwa.

Hezron Mwalukasa alizaliwa Kyimo, kwenye migomba ya baba yake, akasoma hadi darasa la kumi, akaajiriwa idara ya maji kama fundi. Nilipoolewa naye nilikuwa mwalimu wa hisabati, na ndugu zangu walisema nimejishusha. Hawakumjua. Alikuwa mtu wa kupima. Alijua hatua kutoka mlangoni kwetu hadi kanisani, na ibada ilipokwisha alimweleza mchungaji mahubiri yamechukua dakika ngapi, kwa nia njema kabisa, mpaka mchungaji akaanza kutokea mlango wa pembeni. Hakuwa na mzaha mwingi. Watu walimchoka. Lakini mtu akigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, alikuwa anaitwa yeye, na alichosema ndicho kilichobaki.

Mwaka 1992 serikali ilianza kupunguza wafanyakazi, na Hezron akapunguzwa. Alirudi nyumbani na barua moja na tepu ya mita hamsini, mali yake mwenyewe. Zilikuwa siku za ruksa. Maduka ya Tukuyu yalijaa mitumba na redio, na kila mtu aliyekuwa na gari bovu aliandikisha kampuni. Mtaro wa maji, ambao zamani wanakijiji wangeuchimba kwa kujitolea, sasa ulikuwa na wafadhili, mkandarasi binafsi na vibarua wa kulipwa. Mradi wa kuteremsha maji kutoka mlimani hadi Kyimo ulipoanza Oktoba 1993, wafadhili walitaka mtu wao wa kufuatilia kazi, asiye wa mkandarasi. Walimchukua Hezron, wakampeleka kozi ya wiki mbili Mbeya. Msimamizi wa mkandarasi kwenye eneo la kazi alikuwa Alfred, mwenyeji wa hapa hapa, mtu mchangamfu, aliyeitwa kwenye kila harusi kuwa msemaji.

Kozini Hezron alifundishwa chati. Nitaieleza, maana bila chati hakuna anayeweza kuelewa nilichofanya baadaye.

Mpango ulitaka mita mia nne za mtaro kila wiki. Kila Ijumaa Hezron alitembea na tepu yake, akapima kilichochimbwa kweli, akakilinganisha na mia nne. Mita mia nne ni asilimia mia, mita mia mbili ni asilimia hamsini. Jibu alilitia kama nukta kwenye karatasi ya grafu, nukta moja kwa kila wiki. Wiki za mwanzo nukta zilirukaruka. Wiki hii asilimia mia na kumi na nane, wiki ijayo tisini na nne. Mvua kubwa ikinyesha, sabini. Alipofiwa mzee wa kanisa kijiji kimoja cha juu, ilishuka hadi hamsini na nane. Mkandarasi alikuwa akipiga kelele kwa kila nukta iliyoshuka, na wafadhili waliandika barua.

Hezron alingoja apate nukta za kutosha. Kisha akatafuta wastani wake, ukawa tisini na tatu, akauchora kama mstari katikati. Akachukua tofauti ya kila wiki na wiki iliyofuata, akapata wastani wa tofauti hizo, kumi na tano, akauzidisha kwa 2.66, namba aliyopewa kozini. Ilikuja arobaini. Akaongeza arobaini juu ya mstari wa katikati na kuitoa chini yake, akachora mistari miwili: wa juu mia na thelathini na tatu, wa chini hamsini na tatu.

"Sasa wataacha kelele," aliniambia. "Nukta ikicheza humu katikati, hiyo ni Rungwe tu. Mvua, msiba, mwamba. Usimfokee mtu. Ikitoka nje ya mistari, kuna jambo limeingia. Nenda ukalitafute."

"Na isipotoka?"

"Isipotoka, angalia zinavyokaa. Zikikaa saba mfululizo upande mmoja wa mstari wa katikati, chukua tepu uende."

Alifanya chati ya pili ya gharama: kazi iliyofanyika ilithaminiwa kwa bei ya mpango na kulinganishwa na kilichotumika kweli stooni, yaani dizeli ya kuvuta maji mtaroni, mipini ya sururu, mbao za kuzuia kingo. Nayo ilikuwa na mistari yake. Wafadhili walipenda. Wakaweka sharti kwamba nukta yoyote ikishuka chini ya mstari wa chini, mhandisi wao aje kutoka Mbeya kuona kwa macho. Sharti hilo Alfred alilijua vizuri. Juu ya mistari ya juu na nukta saba hakujali, kwa kuwa kwake chati ilikuwa kitu cha kukuonya ukifanya vibaya. Kwamba inaweza kukukamata kwa kufanya vizuri kupita kiasi, hilo halikumwingia akilini.

Katikati ya Machi, baada ya wiki ya ishirini na mbili, Hezron alilowa mlimani siku mbili mfululizo akarudi anatetemeka. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi nyumbani Msasani akiwa hawezi kukaa wima bila mto mgongoni. Alfred alikuja kumwona na chupa ya maziwa.

"Kaka Hezron, usijali kazi. Fomu nitajaza mimi, wewe weka saini tu, mshahara usikatike. Hizi hapa sita. Ukipona utaendelea mwenyewe."

Fomu zilikuwa tupu. Hezron alizitazama muda mrefu. Alisema hajawahi kusaini kitu kitupu. Mimi ndiye niliyesema, "Saini, baba Lusungu, dawa zinataka hela." Kalamu nilimpa mimi. Hilo halisemwi sokoni, kwa hiyo naliandika hapa.

Kila Jumamosi Alfred alileta nakala ya fomu iliyojazwa. Hezron hakuweza tena kushika penseli, nikawa natia nukta mimi, nimeshikilia chati mbele yake ubaoni. Mita mia tatu tisini na nane. Mia nne na nne. Mia nne na moja. Mia tatu tisini na sita. Mia nne na tatu. Mia tatu tisini na tisa. Nje mvua ya Aprili ilikuwa inapiga mabati mpaka tunapandishiana sauti kitandani.

Nukta ya sita ilipoingia alinyoosha kidole akagusa karatasi.

"Mama Lusungu, hii si ardhi ya Kyimo."

"Ya wapi?"

"Ya mezani." Alikohoa, akangoja. "Zote juu ya mstari wa katikati. Sita. Ikifika saba naenda na tepu, hata kama unanibeba mgongoni."

Hakufika. Alikufa Jumatatu iliyofuata asubuhi, nikiwa namlisha uji.

Tulimpeleka kwao Kyimo. Wasio wa kwetu niwaeleze: hapa mtu mzima akifa, jembe haliingii ardhini mpaka azikwe, na kwa mtu aliyeheshimiwa watu hukaa hadi siku ya kutawanyika. Hezron alizikwa Jumatano na watu wakatawanyika Jumamosi. Vibarua wote wa mtaro walikuwepo, wa Kyimo na wa Kiwira, maana alikuwa anapima kazi yao kwa haki na hakumpunja mtu hata sentimita. Wao ndio waliochimba kaburi. Alfred alikuwepo siku zote sita. Jumatano alisimama kando ya jeneza akasoma risala ya rambirambi kwa niaba ya mradi, kwa sauti yake ile ya harusini, watu wakalia. Alipomaliza aliikunja ile karatasi akanikabidhi mkononi, kama ilivyo desturi, nami nikaiweka ndani ya Biblia.

Wiki moja baadaye fomu ya wiki ya ishirini na tisa, ya mwisho ya uchimbaji, ikaja nyumbani, kwa mazoea tu ya karani aliyekuwa akigawa nakala. Safari hii saini ilikuwa ya Alfred mwenyewe, akikaimu. Nilikuwa bado kwenye nguo nyeusi. Niliisoma, nikaenda kuchukua chati, nikatia nukta ya saba. Sikumwambia mtu.

Mwanzoni mwa Juni mhandisi wa wafadhili, Benson, kijana mwenyeji wa Singida, alikuja kukagua kwa sababu mabomba yalikuwa yamefika. Alipima mtaro wote. Karatasi zilisema mita elfu kumi, mia tisa tisini na tatu. Ardhi ilisema elfu tisa, mia tatu na mbili. Zilipungua mita elfu moja, mia sita tisini na moja, ambazo mkandarasi alikuwa ameshalipwa. Alfred hakupepesa macho. Alisema marehemu alikuwa akiongeza mita sabini na saba kila wiki, tangu wiki ya kwanza hadi ya ishirini na mbili, kwa makubaliano na watu asiowajua, na yeye Alfred akiwa mtu mdogo hakuthubutu kuuliza. Hesabu aliipiga vizuri. Sabini na saba mara ishirini na mbili inakaribia kabisa. Vigingi ambavyo Hezron alikuwa akivipiga kila Ijumaa kuweka alama ya alipofikia kupima vilikuwa vimeshang'olewa vyote.

Jirani yangu Atuganile, muuza ndizi wa Msasani, ndiye aliyeniletea habari. Alisimama mlangoni hakutaka kukaa.

"Mwalimu, wanasema baba Lusungu alikula mtaro."

"Nani anasema?"

"Alfred kasema sokoni. Kasema na Kiwira. Kasema na Kyimo pale mtaroni, mbele ya vibarua." Akapunguza sauti. "Na kamati ya maji ya Kyimo inakaa Jumanne kuandika taarifa. Jina litaandikwa, Mwalimu. Litapelekwa wilayani na Mbeya."

Jumanne ilikuwa tarehe 14 Juni. Nilikuwa na siku nne. Shemeji yangu Asajile alikuja kunisihi nisiende. Alisema maneno ya wafu hufa yenyewe, na mwanamke wa eda hasimami kikaoni kubishana na wanaume. Nilimwambia kwamba mwanetu Lusungu anabeba jina hilo hilo, na wanawe watalibeba, na likishaandikwa wilayani kuwa la mwizi hakuna atakayekwenda kulifuta. Kama anaona uzito kwenda, abaki alishe ng'ombe. Alibaki.

Kikao kilifanyika darasani, shule ya msingi ya Kyimo. Wajumbe walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Vibarua na akina mama walijaza madirisha. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nsajigwa, mtu mpole, mwenye kupenda mambo yaishe.

"Mama Lusungu, pole sana," alisema aliponiona naingia na chati zimekunjwa kwapani. "Lakini kikao hiki ni cha wajumbe."

"Mnayemjadili hayupo, mzee. Niandikeni nimekaa badala yake."

Alimtazama Benson. Benson akaitikia kwa kichwa. Nikabandika chati ubaoni, mahali ambapo mwalimu wa darasa alikuwa ameandika jedwali la saba.

Alfred alisema, "Shemeji, tuko pamoja katika majonzi, sioni sababu ya—"

"Usiniite shemeji. Fomu hizi sita, wiki ya ishirini na tatu hadi ya ishirini na nane, saini ni ya nani?"

"Ya marehemu. Kila mtu anaijua."

"Ni yake. Alizisaini siku moja, zikiwa tupu, wewe umekaa kwenye kiti changu na chupa ya maziwa. Kalamu nilimpa mimi. Mwandishi wa kikao, andika hivyo: kalamu alipewa na mkewe."

Watu walinong'ona. Mzee Nsajigwa alishusha macho. Nilijua kwamba neno hilo litatembea hadi Kiwira kabla ya jua kuchwa, nami nikaliacha litembee.

"Tarakimu ndani yake ni za nani?"

"Alinitajia yeye, mimi nikaandika. Alikuwa anajua hesabu zake."

"Vizuri. Basi tuache hizo. Wiki ya ishirini na tisa, hii yenye saini yako peke yako. Tarehe ngapi?"

Benson ndiye aliyesoma. "Tarehe mbili Mei hadi saba Mei."

"Mita ngapi?"

"Mia nne na mbili," alisema Benson, na hapo hapo niliona ameanza kunielewa, maana aliirudisha fomu karibu na macho.

Atuganile alicheka dirishani. "Wiki ile? Mimi nilitafuta mtu wa kunipasulia kuni Kyimo nzima nikakosa."

"Sururu tulizishika, mama," alisema kibarua mmoja, Meshaki, kwa sauti ya kuburuta. "Tulichimba kaburi. Lilikuwa la mita mbili. Hizo mia nne mimi sizijui."

Kicheko kilizunguka madirisha. Mzee Nsajigwa aligonga dawati.

"Nilileta watu wengine," Alfred alisema haraka. "Kutoka Kiwira."

"Sisi wa Kiwira tulibeba jeneza," mtu akajibu kutoka nyuma. "Na wewe ulitembea mbele yetu."

Nilifungua Biblia, nikatoa ile risala, nikampa Benson. "Soma aya ya pili, mhandisi. Kwa sauti."

Benson alisoma: "'Kwa heshima yako, kaka Hezron, mtaro wote umefungwa tangu Jumatatu, toka chanzo cha maji hadi shuleni, na hakuna jembe litakaloingia ardhini mpaka tutawanyike Jumamosi.'" Akageuza karatasi. "Imesainiwa A. Mwaisaka."

Sioni haya kusema nilifurahi. Sikuwa nimefurahia kitu tangu Machi. Kisha nikachukua chaki na kuwafundisha kama ninavyofundisha kidato cha pili, polepole, bila kumruka mtu.

Niliwaonyesha wiki ishirini na mbili za Hezron. Kila mmoja wao aliitambua wiki yake. "Ile ya hamsini na nane ni msiba wa mzee wa kanisa," alisema mama mmoja, na mwingine akaonyesha wiki ya mawe yaliyoporomoka. Niliwaambia kutoka wiki moja hadi nyingine mtaro wa Hezron ulikuwa ukipanda au kushuka, kwa wastani, mita sitini. Halafu nikawaonyesha wiki saba za mwisho. Kutoka moja hadi nyingine, mita tano, au tatu, au saba. Kwenye Aprili ya Tukuyu. Nikawauliza ni nani kati yao aliyewahi kuona Aprili inayochimbika sawasawa kama mkate.

"Huyu mtu aliogopa mstari wa chini, kwa sababu nukta ikishuka hapo mhandisi anakuja. Kwa hiyo kila wiki aliandika karibu na mia nne. Wiki ya msiba, tulipokuwa wote migombani kwetu, hata hapo aliogopa kuandika sifuri. Hesabu zenye mvua na misiba ndani yake ni za aliyekwenda kupima. Hizi saba zilizolala kama mkeka ni za mkono mmoja, na mkono huo umesaini ya saba mwenyewe. Nukta saba, zote juu ya mstari wa katikati. Mhandisi, kozini kwenu mnasema nini mkiona hivyo?"

"Tunakwenda na tepu," alisema Benson.

"Mlikwenda?"

Benson alinitazama mkononi. Nilikuwa na fomu ya wiki ya ishirini na saba mkononi, na pembeni yake palikuwa na mwandiko wake: Hongereni Kyimo. Sikuisoma. Nilimwonyesha yeye tu, nikaikunja.

Nikamalizia kwa chati ya gharama. Kwa wiki zile saba ilikuwa imepanda na kupita mstari wa juu, kwa kuwa mita zilikuwa nyingi na dizeli ilikuwa kidogo. Stoo ilionyesha wiki ya ishirini na tisa haikutoka hata lita moja, na mtaro ulikuwa umejaa maji ya mvua. Mtunza stoo, aliyekuwa dirishani, alisema ni kweli, na alikuwa na daftari.

Alfred aliinama. Aliposema, sauti ya harusini ilikuwa imekwisha. "Wiki mbili za kwanza mvua ilinizidi, nikasema nitafidia. Sikufidia. Baadaye kampuni ikazoea kulipwa." Akanitazama. "Mama Lusungu, marehemu alikuwa rafiki yangu. Nisamehe."

Mzee Nsajigwa alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Basi. Ameungama. Taarifa tutaiandika upya, jina la Hezron halitaguswa, mkandarasi atachimba zilizobaki kwa gharama yake, na huyu kazi ameipoteza. Mama, umeridhika?"

"Bado."

Nilitaka mambo mawili. La kwanza, muhtasari wa kikao uandike kwamba vipimo vya wiki ya kwanza hadi ya ishirini na mbili ni vya Hezron Mwalukasa na ni sahihi, na nakala yenye mhuri nipewe mimi. Walikubali. La pili, Alfred aende Msasani sokoni, Kiwira, na mtaroni Kyimo, kila mahali alipomtangaza mume wangu kuwa mwizi, asimame asome wiki zake saba moja moja na kusema ni za uongo na ni zake. Mzee Nsajigwa alisema huko ni kumvua mtu nguo. Nikamuuliza Hezron alivuliwa nini. Alipoona madirisha yote yananiunga mkono, akakubali.

Nilikwenda mahali pote patatu. Msasani, siku ya soko, alisema kwa haraka akiwa ameinamia matenga ya maparachichi. Nilikuwa nimekaa mbele yake kwenye kigoda cha Atuganile.

"Nyuma hawasikii," nilisema. "Rudia kuanzia ya ishirini na tatu."

Alirudia. Kiwira walimzomea, na dereva mmoja wa lori akampigia honi kila alipotaja wiki. Kyimo ilikuwa inanyesha. Vibarua walisimama ndani ya mtaro wakimwangalia kutoka chini, kofia mikononi, na alipofika wiki ya ishirini na tisa aliishiwa sauti. Nilingoja. Wote tulilowa. Mwishoni aliisema.

Mwezi wa nane mkewe, Veronika, alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi kichwani. Alitaka barua kutoka kwangu kwamba yamekwisha, kwa sababu hakuna mkandarasi wa Mbeya aliyetaka kumpa Alfred kazi bila hiyo. Alisema watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Aliniita dada. Nilimpa chai, kwa kuwa alikuwa mgeni na hajanikosea yeye. Alikunywa vikombe viwili. Barua hakupata, na ndizi aliondoka nazo.

"Hata kwa ajili ya watoto, dada?"

"Wa kwangu pia ana baba," nilisema. Akajitwika mkungu wake mwenyewe. Sikumsaidia kuuinua.

Tangu hapo wapo wanaoniita mkatili, na huo ndio uvumi mpya. Mchungaji amekuja mara mbili kuniuliza kama nimemsamehe Alfred. Asajile anauliza kwa niaba ya ukoo. Mwaka jana Benson aliandika kutoka Singida akiuliza hilo hilo, kwa heshima. Maji yanatoka Kyimo, muhtasari wenye mhuri upo, na anayesema Hezron Mwalukasa alikuwa mwizi sasa anajua pa kuja kuusoma. Hilo ndilo nililodaiwa kulieleza na nimelieleza lote, pamoja na sehemu yangu. Habari ya moyo wangu na Alfred Mwaisaka sijamwambia mchungaji, na ninyi pia siwaambii.